Jicho la Kobe

Rula hakuzaliwa Rula. Jina hilo alipewa siku yake ya kwanza karakanani, alipotoa rula ya chuma kwenye mkoba kabla hata hajatoa salamu, akaanza kumpima kuku wa mbao. Aliyembatiza ni Mzee Msasa, mpiga msasa wa pale, mtu ambaye ulimi wake ulikwaruza kuliko kazi yake.

"Huyu binti siku akiposwa atampima bwana harusi kwanza," alisema. "Akizidi sentimita mbili anarudishwa kwao akachongwe."

Watu wakacheka, jina likaganda. Hata Mama Mdogo, aliyemlea tangu ana miaka sita, akawa anamwita Rula mbele za watu, ingawa nyumbani alibaki kuwa mwanangu.

Mama Mdogo ndiye aliyemtafutia kazi ile. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekalia meza ya mwisho karakanani, ile iliyo chini ya dirisha, akipaka macho ya vichezeo vya watoto. Si mabawa, si mikia, si magurudumu. Macho tu. Ya kuku, ya paka, ya farasi, ya kobe, hata ya treni, maana treni ya pale nayo ilikuwa na macho. Kichezeo kilitoka kwa seremala kikiwa kipande cha mbao, kikapita kwa Msasa kikawa laini, kikapita kwa wapaka rangi kikapata nguo, lakini mpaka kifike kwa Mama Mdogo kilikuwa bado maiti iliyovaa vizuri. Yeye alichovya brashi nyembamba, akabana pumzi, akagusa mara mbili, na kitu kikakutazama. Mshahara wa macho hayo ndio uliomsomesha Rula usanifu mpaka akavaa joho na ile kofia bapa kama sinia lililosahauliwa kichwani.

Shida ya karakana ni kwamba vichezeo vyake havikujuana. Kuku alipakwa rangi iliyobaki kwenye kopo la paka. Farasi alikuwa na shingo ya seremala aliyestaafu na miguu ya seremala wa sasa. Maboksi yalikuwa ya sabuni, yamegeuzwa ndani nje, kwa hiyo mtoto aliyenunuliwa treni alikwenda nayo nyumbani ikinukia kufuliwa. Mwenye karakana aliitwa Tajiri, kwa sababu ileile inayofanya mtu mfupi aitwe Mlingoti. Siku moja alimleta mnunuzi, mwanamke mwenye maduka kumi na manne ya vitu vya watoto. Mama yule akasimama mbele ya rafu, mikono nyuma.

"Hawa ni watoto wa baba mmoja?" akauliza.

"Baba ni mmoja, mama," Tajiri akajibu. "Ila naona alitembea sana."

Mnunuzi hakucheka. "Mimi nataka mtoto akiwa na kuku wangu, amlilie mama yake amnunulie paka na farasi, kwa kuwa ameona kwa macho yake kwamba ni ndugu. Wakifanana, nachukua mia sita kwa kuanzia. Wasipofanana, tusipotezeane muda."

Ndipo Rula akaletwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kitabu cha sura: kitabu kitakachosema kila kichezeo kiwe na rangi ipi, kona yake iwe ya mviringo kiasi gani, herufi za boksi ziwe nene vipi, jicho likae wapi. Tajiri aliwakusanya wote, akawaambia kwa sauti ya upole.

"Kitabu kikitoka, kila mtu anapaka kama kitabu. Asiyeweza, meza yake nampa anayeweza. Simtishi mtu, naongea tu."

Mtu akisema simtishi mtu, kila mwenye kiti hukishika. Mama Mdogo alishika ukingo wa meza yake. Rula aliona, akadhani ni uchovu.

Alifanya kazi wiki sita. Kutoka kwenye makopo thelathini na moja ya rangi alibakiza manne: nyekundu ya tofali, njano ya kiini cha yai, buluu ya sare za shule, na nyeupe iliyochanganywa tone la kahawia ili isiumize macho. Mviringo wa kona aliuchukua kwenye kizibo cha chupa, kila kona ya kila mnyama ifuate kizibo kile, iwe sikio la paka au bomba la treni. Akamlazimisha seremala amnyofoe farasi shingo ya zamani, amchongee nyingine. Seremala akanuna siku tatu, ya nne akamnyofoa. Boksi akalipa dirisha la mviringo, ili mnyama achungulie nje, na ndani ya kifuniko akachora wale ndugu wengine, migongo tu, wakiondoka, ili mtoto atake kujua wanakwenda wapi. Kazi nzuri. Hata Msasa alikiri, japo kwa njia yake: "Sasa wanafanana mpaka nawaonea huruma. Wataibiana viatu."

Likabaki jicho.

Rula alijua kwamba rangi na kona ni nguo tu. Undugu uko usoni. Akapanga juu ya sakafu vichezeo vyote vya mfano vilivyowahi kupita meza ya Mama Mdogo, vya miaka na miaka, akatembea kati yao kwa magoti. Macho yote yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kama macho ya watu kwenye picha ya pasipoti: wazi, mbele, hayana la kusema. Kisha akafika kwa kobe mmoja, wa miezi miwili tu nyuma.

Kobe yule hakumtazama. Jicho la kulia lilikuwa dogo kuliko la kushoto kwa kitu kidogo sana, na limeshuka. Yale matone meupe ya mwanga hayakukaa katikati, yalikimbilia ukingoni, kwa hiyo mnyama alionekana anatazama pembeni na chini kidogo, kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni akiomba Mungu asiulizwe. Rula alicheka peke yake. Akatoa rula. Kushoto milimita nne, kulia tatu na nusu, kushuka milimita moja, tone la mwanga pale inapokaa namba nne kwenye uso wa saa. Akaandika yote. Ukurasa wa kumi na tisa.

Alipompelekea Mama Mdogo, alikwenda kama mtoto anayepeleka ripoti ya shule.

"Mama, jicho la kitabu nimelitoa kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwa kobe huyu. Ulimpaka mwezi ule wa mvua."

Mama Mdogo alimpokea kobe. Akamsogeza karibu na uso, akamsogeza dirishani, akamrudisha tena karibu na uso. Kidole gumba chake kikapita juu ya jicho taratibu, mara mbili, kwenye kile kinundu kidogo ambacho rangi huacha ikikauka.

"Huyu?" akasema.

"Huyohuyo. Mama, huyu ana kitu. Wengine wote wanatazama, huyu anawaza."

Mama Mdogo alimrudisha kobe mkononi mwa Rula. "Sawa, mwanangu," akasema. "Kama ndiye umempenda."

Vichezeo vitano vya mfano vilipelekwa kwa mnunuzi vikiwa na jicho lile. Hivi Rula alivipaka mwenyewe, kwa rula na pini. Jibu lilikuja siku ileile. Mnunuzi alisema rangi ni nzuri, boksi ni zuri, lakini jicho ndilo litakalouza, na asije mtu akaligusa. Tajiri akanunua soda. Kazi ya vichezeo mia sita ikaanza Jumatatu.

Kila kilichotoka meza za wapaka sura, wale wa macho, kilipita kwa Rula. Alikuwa na kipande cha plastiki angavu chenye jicho la kobe limechorwa kwa wino. Anakilaza juu ya uso wa mnyama, jicho likikaa ndani ya mstari, mnyama anapita. Likitoka nje, anakwenda kapuni. Msasa aliliita kapu la yatima.

Wapaka sura walikuwa watatu: Mama Mdogo na wasichana wawili aliowafundisha yeye mwenyewe kushika brashi. Siku ya kwanza yatima walikuwa tisa. Siku ya pili ishirini na mmoja. Siku ya tatu Rula aliacha kuhesabu, akaanza kutazama chini ya vichezeo, ambako kila mpaka sura aliweka alama yake. Wasichana walikuwa na mstari mmoja na mistari miwili. Mama Mdogo alikuwa na nukta. Kapu zima lilikuwa nukta.

Hapo ndipo Rula alipofanya jambo ambalo halimo kwenye kitabu. Saa ya chakula, watu wakiwa uani, alichukua kitambaa chenye tapentaini, akafuta macho ya yatima na kuyapaka upya kwa pini yake, akawaacha na nukta zao. Tajiri alipopita kukagua jioni, kapu lilikuwa jepesi na nukta zote zilikuwa salama. Alifanya hivyo siku mbili. Ya tatu akainua uso akamkuta Msasa mlangoni na sahani yake.

"Endelea, binti," Msasa akasema. "Mimi sioni kitu. Hapa siku hizi sisi ndio wengi, tusioona."

"Una maana gani, Mzee?"

"Mimi ni mtu wa msasa, sina maana. Ila mwaka mzima huu mama yako nikimpa chai namwekea mkononi. Nikimwekea mezani, anaimwaga."

Rula hakula siku ile.

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na kibaraza, kila kitu mahali pake. Na hapo Rula alipoingia Jumamosi mchana alielewa kwa mara ya kwanza kwa nini kila kitu kilikuwa mahali pake. Kijiko upande wa kulia wa jiko. Taulo kwenye msumari wa pili. Aliposogeza kiti shubiri moja tu, makusudi, Mama Mdogo alijigonga nacho.

"Nani ameweka hiki hapa?"

"Mimi. Mama, tangu lini?"

Mama Mdogo alikipapasa kiti, akakirudisha mahali pake, akakikalia. Hakujifanya hajui swali.

"La kulia lilizima mwaka jana. La kushoto linabana. Kama kutazama kwenye tundu la ufunguo, na mwenye mlango anaendelea kuufunga. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki." Alinyoosha mkono kwenye kopo la vifungo, akatoa kichupa chini ya vifungo, akakitikisa. "Hii. Unashona mara ngapi wewe? Nilijua hutafungua kopo."

"Ungeniambia."

"Nikuambie, halafu umwambie nani? Wewe ndiye unayepima."

Rula akakaa sakafuni. Mama Mdogo aliendelea, bila hasira, kama anayesimulia habari za jirani.

"Ukiwa na jicho moja, mwanangu, hujui mbao iko umbali gani. Brashi inafika kabla sijaiambia ifike. Yule kobe wako, siku ile ndiyo ya kwanza kukosea. Nilipaka kwa mazoea, nikahisi kwa kidole kwamba limekwenda pembeni. Nikasema basi, mmoja tu, nani atamwona. Nikamficha nyuma ya rafu." Akatabasamu upande mmoja. "Ukaja wewe na magoti yako ukamfukua. Umekuta kosa langu, ukaliandikia sheria. Sasa kila siku nakaa pale nijaribu kukosea vilevile, mara mia sita. Kupatia nilikuwa najua. Kukosea sawasawa sijui."

Rula alitaka kusema samahani, lakini samahani ni neno la kukanyagana mguu. Akasema, "Nitarekebisha."

Jumatatu alikwenda kwa Tajiri. Akamwambia kwamba amefikiria upya, pengine kitabu kiruhusu macho yatofautiane kidogo, kama ndugu wa kweli, maana hata mapacha mama yao huwatambua. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua droo, akamwonyesha barua ya mnunuzi. Asije mtu akaligusa.

"Rula," akasema, "wewe mwenyewe ulituambia hapa, siku ulipoleta kitabu, tofauti ni umaskini. Mimi nikaliandika neno hilo ukutani. Lile pale."

Lilikuwa pale kweli, kwa zile herufi nene za boksi.

Ikabaki njia moja, na Rula aliiona ni ya akili. Alichukua bati jembamba, akalikunja likae usoni mwa mnyama kama barakoa, akalitoboa matundu mawili pale yanapokaa macho, na bati la pili akalitoboa vitundu vya mwanga. Kingo akazipiga msasa mpaka zikawa hazikati kidole. Kila mnyama barakoa yake. Mama Mdogo hakuhitaji kuona. Alimvisha mnyama bati, akatafuta tundu kwa kidole cha kushoto, akalijaza rangi kwa kulia, akabadilisha bati, akadonoa mwanga. Siku ya kwanza, wanyama arobaini na nane, yatima hakuna. Siku ya pili, sabini. Kapu lilikaa tupu mpaka Msasa akaweka ndani yake viatu vyake.

Siku nne Mama Mdogo alikuwa yeye yule wa zamani. Alipaka huku amegeuza uso kabisa, akibishana na Msasa.

"Wewe Msasa, mkeo anakuvumiliaje?"

"Amenizoea. Nilianza na msasa namba arobaini, ule wa kukwaruza, sasa nimefika mia mbili. Nateleza."

"Unateleza kwenda wapi, na umri huo?"

Wasichana wakacheka, Mama Mdogo akacheka, na mikono yake ikaendelea yenyewe, bati juu, bati chini, macho yakizaliwa bila kutazamwa. Hakuna aliyemwona Tajiri amesimama mlangoni. Alisimama muda mrefu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani na anaangalia kama mwenyewe yupo karibu.

"Rula," akasema baadaye, ofisini, "kumbe kazi hii haihitaji macho."

Tajiri akafungua droo, akatoa karatasi.

"Hata kidogo. Yule mama hatazami na hakosei. Sasa kama haihitaji macho, inahitaji mikono mitatu ya nini?" Akamgeuzia karatasi. Ilikuwa picha ya mashine ndogo yenye mkono wa chuma, inayogonga muhuri wa mpira. Wino mweusi, wino mweupe, gonga, gonga. "Mtu mmoja, vichezeo elfu kwa siku. Jicho lako, ukurasa wa kumi na tisa, milimita kwa milimita. Umenifungua kichwa, binti. Kweli shule si mchezo."

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mashine ilifika baada ya wiki tatu, na wale wasichana wawili, wenye macho mazima na mikono isiyokosea, walitoka siku moja na mwalimu wao. Msichana mdogo alimpita Rula bila kuaga. Tajiri alitoa hotuba fupi, akampa Mama Mdogo zawadi ya miaka ishirini na sita: saa ya ukutani. Mama Mdogo aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni.

"Inatembea," akasema. "Asante, bosi. Nitakuwa naisikiliza."

Rula alikuwa amemwombea nafasi ya kufungasha, kuwaingiza wanyama kwenye maboksi na kufunga vifuniko. Tajiri alikubali. Mama Mdogo ndiye aliyekataa. "Nimekaa dirishani maisha yangu yote," alisema. "Siwezi kumalizia kwenye maboksi."

Rula hakuacha kazi. Alitamani, aliandika hata barua, akaichana. Kile kichupa cha kwenye kopo la vifungo kilikuwa kinaisha kila baada ya wiki tatu, na sasa mshahara nyumbani ulikuwa mmoja. Kwa hiyo kila asubuhi alipita meza ya dirishani, ambayo sasa mashine ilikuwa imeikalia, gonga, gonga, akaenda kuchora kurasa za bata na sungura. Msasa bado alimtania, ila utani wenyewe ulikuwa namba mia nne, hausikiki.

Vichezeo vilipoingia madukani, Mama Mdogo ndiye aliyetaka kwenda. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, duka halina watu. Rula alimshika kiwiko mpaka mbele ya rafu. Walikuwa pale, safu tatu, kuku, paka, farasi, kobe na treni, nyekundu ya tofali na njano ya kiini cha yai, bega kwa bega. Hata kipofu angesema ni ndugu.

"Nipe kobe."

Rula akampa. Mama Mdogo alimgeuza mkononi, kidole gumba kikatafuta uso. Kikapita juu ya jicho, kikarudi, kikapita tena.

"Sioni jicho."

"Lipo, Mama. Ni muhuri. Haliachi kinundu."

"Linatazama wapi?"

"Pembeni. Chini kidogo."

"Wote?"

"Wote."

Mama Mdogo akatikisa kichwa polepole. "Afadhali," akasema. "Wangekuwa wananitazama usoni ningeona aibu mimi."

Akapapasa ubao wa rafu, akapata nafasi, akamrudisha kobe. Alimrudisha vibaya, uso ukutani, mgongo nje. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlangoni kwa kufuata mwanga, mkono mmoja mbele.

Kitabu, ukurasa wa thelathini na nne, kinasema kwamba dukani wanyama wote hutazama upande mmoja, na kati ya bega na bega paachwe upana wa kizibo. Mkono wa Rula ulifika kabla hajauambia ufike. Ukamgeuza kobe, ukamsogeza, ukamweka sawa kwenye mstari. Mbao ikagonga mbao, sauti ndogo tu.

Mama Mdogo alisimama, bila kugeuka.

"Umemgeuza?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya," akasema. "Njoo unishike, kuna ngazi hapa."